Kalima Bila Klachi

"Kanyaga!" Bulaimu aliita akiwa chini ya Land Rover ya ofisi ya serikali ya zone.

Mkewe Mwanvua alikanyaga pedali ya klachi kwa mguu mtupu. Bulaimu akalegeza skrubu ili hewa itoke. Kilichotoka ni povu la kijivu, linanuka sabuni ya kufulia.

"Achia. Kanyaga tena."

"Inaenda chini tu, baba Safi. Ni kama ninakanyaga matope."

Alijua. Mpira wa ndani ya silinda ulikwisha kulika, na mafuta yalivuja yote. Miezi mitatu aliomba mafuta ya freni, ambayo klachi nayo huyatumia, na mipira mipya, akachoka kuomba. Mwezi uliopita, kwa ujanja wake mwenyewe, akatia maji ya sabuni badala ya mafuta. Gari likaenda, ofisi nzima ikamsifu, naye kwa ujinga wake akavimba kichwa. Sasa sabuni ilikuwa imejaza silinda kutu.

Akajifuta mikono, akaenda stoo. Tambwe, mtunza stoo, hakuinua hata uso.

"Mafuta ya freni hakuna. Mipira hakuna."

"Juzi niliona chupa sita hapa, citoyen."

"Uliona mubaya."

Hakuona vibaya. Mji mzima wa Kindu ulijua kwamba vitu vya stoo ile hutokea mlango wa nyuma na kuishia kwenye malori ya wafanyabiashara.

"Commissaire anaenda Kalima leo," Tambwe akasema. "Gari ikikosa, watasema umefanya sabotage, umeiharibu kusudi. Jidebruye, papa, tafuta njia yako."

Bulaimu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Hamadi, dereva aliyemtangulia, alifungwa miezi miwili kwa sababu ya radieta iliyopasuka, akatoka na kikohozi ambacho hakijamwacha mpaka leo.

Saa mbili kamili, Commissaire Onema, mkuu wa zone, akatoka na suti mpya ya abakosti, beji ya chama kifuani.

"Citoyen commissaire, ambrayaji imekufa," Bulaimu alisema, akionyesha pedali ya klachi. "Tungoje hata kesho."

"Watu wa Kalima wananingoja tangu jana. Unataka niende kwa miguu?"

Onema akapanda, akafunga mlango.

Basi Bulaimu akatia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, akawasha. Gari likaruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba, likaondoka. Tangu hapo aliendesha kwa masikio. Aliachia pedali ya mafuta, akatoa gia, akasikiliza injini ishuke, akasukuma gia nyingine pale sauti ilipokubali. Akikosea kidogo, chuma kilisaga meno.

Kivukoni ndiko roho ilikotaka kumtoka. Kwenye kivuko walijaa akina mama na vikapu vyao vya muhogo, na mbao za kupandia zilikuwa zimelowa. Hakuweza kusogea polepole kama watu wengine. Angesimama katikati ya mbao, gari lingerudi nyuma mtoni. Angechelewa kuzima, angewasaga wale mama. Akapiga honi, akaingia, akazima injini na kukanyaga freni kwa nguvu zote. Gari likasimama, kikapu kimoja kikigusa bampa. Mwenye kikapu akamtukana yeye na ukoo wake wote. Hakumlaumu.

Onema alikuwa anasoma hotuba yake.

Ng'ambo ya pili, toka Alunguli, barabara ilikuwa mashimo na vilima. Kila mlima Bulaimu alishika usukani huku akiomba Mungu injini isizime. Ilizima mara mbili. Alasiri walifika Kalima, shati lake limeganda mgongoni. Akina mama wa chama walikuwa tayari wanacheza juani.

Onema alishuka, akajipangusa vumbi.

"Ile mafuta unalilia kila siku stoo, njo ya kazi gani?"

"Ya ambrayaji, citoyen commissaire."

"Na leo tumefika na nini?"

Onema akacheka, akampiga bega mbele ya watu.

"Weye uko fundi kweli! Nitamwambia Tambwe afute ile demande yako ya mafuta. Na siku ya kwanza ya juma utafundisha madereva wengine wote. Serikali haina franga ya kutupa."

Watu wakapiga makofi. Bulaimu alishikwa na hasira, na kubwa zaidi ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa kuwa ameendesha vizuri.

"Ndiyo, citoyen commissaire," alijibu.