Kaptula za Kurwa

Bunge lilipitisha sheria ile Jumanne alasiri, mama yao Kurwa na Doto akiwa anatia vifungo kwenye kaptula za shule. Alikuwa fundi cherehani wa sare, na muhula ulikuwa karibu kuanza, kwa hiyo redio aliisikiliza nusunusu, sindano ikiwa katikati ya midomo. Msomaji wa habari alisema kwamba mtoto aliyetimiza miaka kumi na minne akamjeruhi mtu, sasa atahesabiwa kuwa mtu mzima na kushtakiwa kama mtu mzima. Akaongeza kwamba sheria itarudi nyuma miaka miwili. Kisha wakapiga muziki.

Mama alipoinua kichwa kutafuta mkasi, aliona picha ya ukutani imebadilika. Ilikuwa picha ya watoto wake pacha siku yao ya kwanza shuleni. Doto alikuwa vile vile, soksi moja juu, moja chini. Aliyemshika mkono alikuwa mwanamume mwenye masharubu, ndani ya kaptula iliyokuwa imempasukia mapajani.

Kurwa akaingia kutoka uani, akainama ili asigonge kichwa mlangoni.

"Mama, shati hili linanibana," alisema kwa sauti nzito.

"Vua nikupime," mama akajibu, akaivuta futi yake shingoni.

Kosa la Kurwa lilikuwa la mwaka uliopita, akiwa na miaka kumi na minne. Kishada cha Kurwa kilikatika uzi kikaangukia ndani ya bohari la mbao, na pacha wale wakapenya kwenye uwazi wa ukuta kukifuata. Mlinzi wa bohari, ambaye watoto wa mtaa walimwita Mzee Tochi kwa sababu alitembea na tochi hata jua likiwa utosini, akamkamata Doto kwenye ukosi wa gauni. Kurwa akaokota jiwe akarusha. Alikusudia kumpiga mkono. Jiwe likaenda kwenye jicho la kushoto, na jicho likapotea. Tangu hapo Kurwa alikuwa nyumbani kwa dhamana, akingoja mahakama ya watoto, ambayo ingemweka kwenye shule ya marekebisho mpaka atimize miaka kumi na minane, kisha imrudishe kwa mama yake.

Usiku ule alilala upande wa ukutani kama siku zote, miguu ikining'inia nje ya kitanda.

Jumamosi alikuja shangazi yao, dada wa marehemu baba. Alimtazama Kurwa anywavyo chai, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Wifi, samahani, lakini huyu ulimzaa lini? Kwa masharubu haya, wewe na kaka yangu mlikuwa hata hamjajuana."

"Waulize wabunge, wifi. Mimi nilizaa siku moja tu, wawili."

"Kumbe ulikuja kwetu na mzigo na sisi tukashangilia!" Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akamsogezea Kurwa mkate wote uliobaki. "Kula, baba. Mwili huo utataka shibe."

Wakili waliyepewa alikuwa kijana mwenye mkoba mpya. Aliwaambia njia ilikuwa moja: kuithibitishia mahakama kwamba siku ya kosa Kurwa alikuwa mtoto. Walete chochote cha utotoni.

Mama akatafuta. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mahali alipokuwa akiwapima kila Januari kwa kalamu ya risasi, alama za Doto zilipanda kidogo kidogo kama ngazi. Za Kurwa zote zilikuwa zimerundikana juu kabisa, moja juu ya nyingine, mstari mmoja mnene. Ndani ya kopo la vifungo alimohifadhi meno yao ya utoto, ya Doto yalikuwa kama punje za mchele. Ya Kurwa yalikuwa magego makubwa, moja limezibwa. Daftari lake la darasa la kwanza liliandikwa kwa mwandiko wa karani. Pale ambapo mwalimu aliandika "Safi sana!" palisomeka sasa, "Kwa umri wake, ajitahidi."

"Basi kilichobaki ni kumbukumbu," wakili akasema. "Sheria haikutaja kumbukumbu."

Zilikuwepo. Doto alikumbuka jinsi Kurwa alivyokuwa akipuliza chai yake na ya kwake pia, kwa zamu, ili zipoe pamoja. Alikumbuka walivyokuwa wakijificha chini ya meza ya cherehani, vipande vya kitambaa vikiwadondokea vichwani, mama akijifanya hajui walipo na kuuliza kwa sauti, "Nani kaniibia watoto wangu?" Mama naye alikumbuka, lakini kila alipokumbuka alivyombeba Kurwa mgongoni, mgongo ulimuuma ikabidi akae.

Siku ya kesi, hakimu alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani ya kamba. Mwendesha mashtaka alimwita Mzee Tochi na kumwomba amwonyeshe aliyemrushia jiwe.

Mzee Tochi akamtazama Kurwa kizimbani kwa muda. "Huyu bwana simjui," akasema.

"Mtazame vizuri, mzee."

Mzee akafunika kwa kiganja jicho lake zima, la kulia, akamgeukia kwa lile lililopotea. "Ahaa, sasa namwona. Huyu hapa. Kaptula ya kaki, kidonda gotini. Kizimba kimemzidi kimo, naona nywele na macho tu. Analia."

Mwanamume aliyekuwa kizimbani hakuwa akilia. Alikuwa amejishika magoti.

Wakili alisimama haraka, karatasi zikamtoka mkononi. Alieleza kwamba jicho la kushoto la shahidi lilizimika kabla sheria haijapita, kwa hiyo sheria haikulikuta, na ndilo pekee lililobaki na mambo yalivyokuwa. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho. Akamwita daktari, akamuuliza kama jicho lile linaona. Daktari akasema halioni chochote.

"Mahakama inamsikitikia shahidi," hakimu akasema. "Lakini jicho hili ndilo shtaka lenyewe. Haliwezi tena kuwa shahidi."

Kurwa akafungwa miaka kumi na miwili katika gereza la watu wazima.

Nje, mama alimfuata Mzee Tochi ili amwombe radhi, jambo ambalo wakili alikuwa amemkataza tangu mwanzo. Mzee hakumwachia amalize.

"Jicho langu liliniuma, mama, sitakudanganya. Mtoto yule nilitaka atiwe adabu. Lakini mimi alinijeruhi mtoto, wamenifungia mtu mzima. Wangu yuko wapi?"

Mwaka wa pili wa kifungo, baada ya kelele nyingi magazetini, sheria ikabadilishwa tena. Watoto wakarudi kuwa watoto mpaka miaka kumi na minane. Doto aliisikia redioni, akatoka mbio kumwangalia Kurwa wa picha ya ukutani. Masharubu yalikuwepo. Wakili akawapigia simu jioni. Alieleza kwamba safari hii sheria inaanzia leo na kwenda mbele. Bunge liliona kuirudisha nyuma kungeleta usumbufu.

"Ile ya kwanza haikuwasumbua?" mama akauliza.

"Ile ya kwanza ilipita, mama."

Basi Jumapili za kutembelea wafungwa huenda watatu: mama, Doto na Mzee Tochi. Hukaa kwenye benchi la saruji, na upande wa pili wa wavu huja mwanamume aliyeanza kuota mvi, mikono ikiwa mikavu kwa kazi ya matofali. Huwaamkia, huuliza habari za shangazi. Kisha humgeukia mzee.

"Shikamoo, mzee. Bado nipo?"

Mzee Tochi hufunika jicho lake zima. "Marahaba. Upo."

"Nafanya nini?"

"Leo umepanda juu ya kitu, sijui ndoo. Unataka kumwona dada yako."

Siku mzee alipojibu hivyo, Doto alikuwa ametimiza miaka kumi na minane wiki ile ile, na mbele ya wavu alikuwa mkubwa wa pacha wake na mdogo wa pacha wake kwa wakati mmoja. Akasogea karibu, akainama kidogo, kama mtu anayetaka kuonekana vizuri na mtoto.

"Akishuka kwenye ndoo, anafika wapi?" mama akauliza.

Mzee akanyoosha kiganja hewani, akakituliza. Mama akapiga magoti, akaivuta futi kutoka sakafuni mpaka chini ya kiganja kile, akasoma. Askari wa zamu akageuza uso, akawaachia wamalize.

"Vipi, mama?" Kurwa akauliza.

Mama akaikunja futi taratibu. "Pale pale," akasema. "Kaptula za mwaka jana bado zitakutosha."