Vyombo Vinavyopanda Kihambani

Machi 1996, Beatha alifungua tanuri lake la kuchomea vyombo vya udongo nyuma ya mgahawa wa Redempta, Kwa Sadala. Alilichochea kwa visiki vya mibuni, kwani mwaka ule watu waling'oa kahawa na visiki vilipatikana bure. Vikombe kumi na viwili, mabakuli sita na birika moja vilitoka vigumu kama jiwe, vikilia kama kengele vilipogongwa kwa ukucha. Beatha alicheka peke yake kwa furaha.

Udongo wenyewe ulitoka kihambani, shamba la ukoo wa marehemu mumewe, Sylvanus, huko juu Machame. Sylvanus alipofariki akiacha mabinti tu, mdogo wake Nikodemo alimtoa Beatha kihambani siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, akamruhusu kuchukua alichoweza kubeba. Beatha alibeba udongo, gunia baada ya gunia. Wakwe walicheka.

Redempta alinunua seti nzima, akaelekezwa kuitunza: ioshwe kwa maji ya vuguvugu, na chombo kikiwa cha moto kisitiwe maji baridi. Alhamisi iliyofuata, saa tisa, vyombo vilishuka mezani, vikatoka mlangoni na kushika njia ya Machame.

"Mama Doris," Redempta alimwita Beatha, "vyombo vyako vinaondoka, na kimoja kina chai ya mteja."

"Mwambie akifuate."

Vililala kihambani. Ijumaa vilirudi vyenyewe, kabla ya chai ya asubuhi. Beatha akaongeza sharti la utunzaji: Alhamisi mlango uachwe wazi, visije vikapasuka vikiugonga.

Kufikia Mei watu walijipanga kandokando ya njia.

"Birika limechoka. Tumbo lote lile!"

"Subiri kilimani, mbe. Litavipita vingine."

"Na kile kikombe? Kinakimbia kama kimesikia pombe ya mbege!"

Beatha alivifuata. Alikuwa amepeleka shauri lake la kudai kurudi kihambani kwenye baraza la kata, na vyombo ndivyo vilivyokuwa mashahidi. Alhamisi hiyo wajumbe walikuja kusikiliza papo hapo kihambani, mbele ya geti jipya la chuma la Nikodemo. Vyombo vilifika, vikasimama na kubisha.

"Shikamoo, mzee," Beatha alimwambia mwenyekiti, mzee Filemon. "Udongo unajua kwao. Nami niliingia hapa kwa ndoa ya kanisani, mwaka wa sabini na nne."

"Marahaba, mama. Vyombo tumeviona." Mzee Filemon aliandika, akasoma alichoandika. "Vyombo ni udongo wa hapa, visizuiwe. Mama ametoka kwa baba yake, na hana mtoto wa kiume."

Nikodemo hakubisha. Alimwita fundi, naye fundi akakata tundu chini ya geti, lenye upana wa bakuli kubwa, na kingo zake akazipiga tupa zisivikwaruze.

Alhamisi iliyofuata vyombo viliingia kimoja kimoja, umati ukishangilia. Birika lilijikwaa, mfuniko wake ukabaki nje. Beatha aliuokota, akaufuta vumbi kwa kanga, akapiga magoti na kuupitisha tunduni. Mkono wake uliingia hadi begani.

"Asante, shemeji," alisema Nikodemo kutoka ndani, akiupokea.