Unga Chini ya Rafu

"Umetoa chochote humu?" Mama Gundi aliuliza, mkono wake ungali ndani ya katoni ya vitabu vya kupewa.

Mwanamke aliyekuwa akimfundisha kazi alikuwa anabandika namba kwenye mgongo wa kitabu. Hakuinua macho. "Sijatoa, mama."

Uongo ulimtoka kirahisi mno. Miaka nenda miaka rudi alikuwa mfagizi wa maktaba hii, watu wakimpita kama nguzo. Kisha Mama Gundi, anayekaribia kustaafu, akamwingiza chumba cha nyuma amfundishe kazi wasiyoiona wasomaji: kugonga mhuri, kubandika namba, kuvisha majalada ya nailoni. Leo mkuu wa maktaba angeamua kama ataajiriwa au atarudi kwenye ndoo na dekio.

Sheria ilikuwa moja tu. Vitabu vya kupewa hukaa stoo, vimefungwa, hadi Mama Gundi avikague. Lakini kiherehere hakina dawa. Mwezi uliopita mwanamke huyo alichomoa kimoja kilichompendeza, akakihudumia mwenyewe toka mhuri hadi jalada, akakipanga rafuni. Alijiona fundi, maskini, hata usingizi ukamruka kwa furaha.

Sasa Mama Gundi alitoa mkono. Vidole vyake vilijaa unga wa kahawia.

"Wadudu," alisema taratibu. "Wanakula kutoka ndani, nje huoni kitu. Tushukuru vitabu hivi havijafika rafuni. Maktaba niliyotoka walienea, tukachoma vitabu vyote, mwanangu. Nililia kama nimefiwa."

Akaibeba katoni kwenda kuiteketeza, kisha apitie kwa mkuu. Mwanamke alisubiri mlango ufungwe, akakimbilia rafuni.

Kitabu kilikuwa palepale, kimenyooka, namba yake safi. Alipokivuta kilikuwa chepesi kuliko alivyokiweka. Chini yake kulikuwa na unga. Chini ya jirani yake pia. Alikificha ndani ya gauni, akafuta rafu kwa upindo, harakaharaka, kama enzi zake za ufagizi. Aliogopa, na aliona haya.

"Kumbe uko huku." Mama Gundi alikuja akitabasamu, ufunguo wa chumba cha nyuma mkononi. "Mkuu amekubali. Nimemwambia nakuamini kama ninavyojiamini mimi."

Mwanamke aliupokea. Kwa mkono mwingine alikibana kitabu ndani ya gauni.

"Mbona umejikunyata hivyo? Utazoea tu." Mama Gundi akacheka, akaegemea rafu apumzishe miguu.

Kutoka rafu ya juu, unga kidogo ulidondoka, ukatua begani mwake.