Mchuzi wa Maini kwa Kambi

Mwaringa alikwisha funga mlango kwa nje ndipo alipomwambia mkewe Sidi, kupitia dirishani, kuwa Kambi, kaka wa Sidi, anakuja kutoka Rabai kula chakula cha mchana. Maini ya kuku na nazi vilikuwa mezani.

"Mpikie vizuri," alisema. "Aone unavyoishi."

Sidi akasikia pikipiki ikishika njia ya Mnarani. Kufuli lile mwanzo lilikuwa la wezi, halafu likawa la maneno ya majirani. Siku hizi halikuhitaji sababu. Simu yake nayo ilikaa mfukoni mwa mume, ati isimsumbue.

Akaanza kupika. Angefanyaje? Alichambua maini, akatoa nyongo taratibu asije akaipasua, akayaosha kwa ndimu na kuyapaka thomu na tangawizi. Akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akachuja tui zito, kisha la pili. Alitaka kotmiri. Mwenye genge alikuwa ng'ambo ya njia, anaonekana kati ya nondo za dirisha akipanga mafungu yake ya mboga. Kumwita angeweza, lakini alipomwita mara ya mwisho habari zilimfikia Mwaringa kabla ya jua kuchwa. Akapika bila kotmiri.

Vitunguu vikawa vyekundu, nyanya zikayeyuka, bizari ikanukia. Akatia maini na tui jepesi, na yalipoiva tu, yasije yakawa magumu, akamimina tui zito huku akikoroga polepole lisikatike. Alipoonja, utamu wake ulimtia hofu. Kambi angekula mchuzi huu aseme dada yake yu raha mustarehe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaringa alitangulia kurudi, akaacha mlango wazi kabisa. Kambi alikula wali akaongeza tena. Alipouliza mbona Sidi hakuja kumwona mama alipougua, Mwaringa alijibu kwamba mwanamke huyu hapendi kutembea.

"Basi nyumbani tunahangaika bure," Kambi alisema. "Mama atafurahi nikimwambia."

Sidi alikuwa amemwinamia na jagi, akimnawisha. Akaona kaka yake akikung'uta vidole, tayari kuaga.

"Kambi, nafungiwa humu," alisema. "Akitoka hufunga kwa nje. Sijatoka tangu masika."

Mwaringa akacheka, akasema wezi wamezidi. Kambi hakucheka, lakini pia hakuinua uso, na Sidi akaona wazi kwamba angependa asingelisikia neno lile. Alikuwa ameshiba chakula cha watu.

"Shemeji, ni kweli?" aliuliza hatimaye.

"Nyumba hii ina mwenyewe."

Kambi akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kana kwamba bado anatafuta neno jingine.

"Sidi, kavae viatu," akasema.

Viatu hakujua viko wapi. Alivikuta chini ya kitanda, vimejaa vumbi, kimoja kimekatika kamba. Alipotoka chumbani, Mwaringa alikuwa bado ameketi mbele ya sahani yake, mchuzi umefanya utando. Kambi alikuwa kasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, mlango usipate kufungika.

Sidi akajipenyeza pembeni yake, akatoka.