Bakuli la Bi Earlene

Kwetu Detroit, upande wa mashariki, usiku wa kuamkia Halowini una jina lake: Usiku wa Shetani. Watu huchoma nyumba tupu. Wengine kwa utundu, wengine kwa ajili ya bima, wengine sijui kwa nini, na nimeshachoka kutafuta sababu. Miaka ile jiji lilipiga marufuku kuuza petroli kwenye kidumu siku za sikukuu hiyo. Gari unajaziwa, kidumu, hapana. Sikuwa na neno na sheria hiyo. Hata baba yangu, Otha Braswell, aliisifu mpaka siku ilipomgusa.

Nyumba ya jirani yetu, Bi Earlene Gaddis, ilionekana tupu kwa mpita njia. Haikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa hospitali tangu Agosti, nyonga imevunjika, na Jumamosi ya wiki hiyo angetoka. Mwanawe wa Atlanta alitaka kumchukua moja kwa moja akaishi naye huko. Bi Earlene akamwambia, "Nina nyumba yangu, mwanangu. Siku nisipokuwa nayo, njoo unibebe." Baba alikuwepo, akayasikia kwa masikio yake. Tangu hapo kila jioni akawa anavuka ua, anawasha taa za nyumba ile, anasogeza mapazia, na ilipofika Oktoba akaweka barazani boga lililochongwa macho na meno, kama ilivyo desturi ya Halowini, ili ijulikane kwamba pale pana mtu.

Baba alimpenda. Nalisema waziwazi kwa kuwa yeye hakulisema hata mara moja. Mgane na mjane, ua mmoja katikati, na chakula kinavuka juu ya ua kila Jumapili. Sisi ambao wazee wetu walitoka Alabama tuna kawaida yetu: ukiletewa chakula, chombo unakirudisha na kitu ndani. Bi Earlene analeta pai ya viazi vitamu. Baba, ambaye hata yai linamshinda, anarudisha bakuli na nyanya za bustanini, au samaki wa mtoni, na mara moja alirudisha balbu na pakiti ya misumari.

"Otha!" Bi Earlene alipaza sauti siku hiyo. "Hii misumari niiunge nazi au niikaange?"

"Ichemshe kwanza," Baba akajibu kutoka upande wetu. "Ni migumu."

Pai ya mwisho, wiki ile aliyoanguka, ililetwa katika bakuli la kioo alilorithi kwa mama yake. Bakuli likabaki mezani kwetu. Baba aliapa kwamba Jumamosi angelirudisha na pai aliyoipika kwa mkono wake. Nilicheka mpaka ikabidi nikae chini.

Siku moja kabla ya Usiku wa Shetani upepo ukaangusha nyaya, na upande wetu wote wa mtaa ukaingia giza. Baba akatoa jenereta lake, akalifunga kwa mnyororo nyuma ya nyumba ya Bi Earlene, akavuta waya mpaka barazani kwake.

"Na sisi je?" nikamuuliza.

"Sisi tuna midomo. Mtu akija tutapiga kelele."

Kulipokucha mafuta yalikuwa yamekwisha. Tukaenda na kidumu kwa Namir, mwenye kituo cha mafuta cha pale kona, aliyekuwa akimuuzia Baba tangu mimi sijaolewa, wala sijaachika.

"Mzee Otha, usinifanyie hivyo," Namir akasema alipokiona kidumu. "Leo unaijua ni siku gani."

"Ni ya jenereta, kijana wangu. Si wewe uliyenibadilishia plagi yake?"

"Mimi nakujua. Askari hawakujui. Wakiniona wananifungia kituo. Lakini gari lako, mzee, nalijaza mpaka shingoni."

Baba akakitazama kidumu, akalitazama gari.

"Basi lijaze," akasema.

Jioni, jua likiwa linazama, akaliegesha gari kwenye kichochoro cha nyuma, karibu na jenereta. Akaingiza mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo kama walivyofanya ujanani kwao, akakinga kidumu. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia mtu anafoka.

Alikuwa Bwana Thurman Pickett, mwalimu aliyehamia mtaani kwetu Septemba. Alijitolea kulinda mitaa usiku ule, na gari lake lilikuwa na taa ya rangi ya machungwa juu kama walivyowekewa walinzi wote wa kujitolea. Tochi yake ilimmulika Baba usoni.

"Weka chini hicho kidumu!"

"Tochi yako inaniumiza macho, kijana. Mafuta haya ni ya jenereta."

"Nyumba hii ni yako?"

"Hapana."

"Ya nani?"

"Ya Bi Earlene."

"Yuko wapi?"

"Hospitali."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na kila neno lilimzamisha zaidi. Mzee nyuma ya nyumba yenye giza, usiku ule kati ya siku zote za mwaka, kidumu mkononi, shati na mdomo vinanuka petroli. Pickett alikuwa ameshaita askari kwa redio. Nilifika na aproni yangu, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Askari walipofika, mmoja akaniambia kwa upole, "Atayaeleza kituoni, mama." Wakamchukua yeye na kidumu chake.

Nikamgeukia Pickett. "Mwalimu gani wewe, usiyejua kuuliza? Mlango wetu ni ule pale!"

Nikamwambia habari yote. Uso ukamshuka. "Panda garini, dada," akasema. "Nakupeleka sasa hivi. Nitawaambia mwenyewe kwamba nilikosea."

Nikaitazama baraza ya Bi Earlene. Giza lilikuwa limetanda, boga halikuonekana tena. "Na nyumba?"

"Hatutachelewa."

Ufunguo wa gari la Baba ulikwenda naye mfukoni, na majirani wachache tuliobaki nao walikuwa zamu mitaa mingine. Nikapanda. Mtaa ukabaki hauna mtu.

Kituoni palikuwa pamejaa. Pickett alieleza kosa lake kwa huyu, akatumwa kwa yule, akaanza upya, bila kuchoka wala kujitetea. Mwishowe mkubwa wao akasikiliza, akaomba radhi, akasema kidumu kitarudishwa sikukuu ikipita. Baba alipotolewa hakuuliza kidumu.

"Barazani yuko nani?" akatuuliza.

Pickett akakimbilia gari lake.

Harufu ilitupokea kabla hatujakata kona. Wazima moto walikuwa wanakunja mipira yao. Ngazi za mbele zilibaki, na bomba la moshi. Katikati hapakuwa na kitu. Baba alikaa kwenye ngazi zetu, mikono magotini. Mzima moto mmoja akaja kutuuliza maswali, akasema hata petroli haikutumika: mtu alisokota magazeti chini ya kochi la barazani, akawasha kiberiti.

"Magazeti," Baba akasema.

Pickett alisimama pale na kofia mkononi mpaka nikamwambia aende akalale. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nililia jikoni, mlango nimeufunga, ili Baba asinisikie.

Ijumaa Baba akapika pai. Hakutaka nimshikie hata kijiko. Upande mmoja uliungua, wa pili haukuiva vizuri, na Jumamosi asubuhi tukaipeleka hospitali katika lile bakuli la kioo.

"Otha Braswell!" Bi Earlene akasema, amekaa kitandani, nywele amezichana tayari kwa kurudi nyumbani. "Umepika wewe, au umemtishia mtu?" Akaonja. "Umesahau kungumanga."

"Sikuwa nayo."

"Na sukari je, nayo ilikwenda kanisani?" Akacheka, akatutazama, akaacha kucheka. "Sema."

Baba akamwambia. Hakupamba, hakumtaja Namir wala Pickett. Alimaliza kwa kusema, "Niliiacha peke yake, Earlene."

Bi Earlene hakulia mbele yetu. Alimshika Baba mkono, kisha akaivuta ile pai, akaila, na upande ulioungua akaula wote.

Mchana mwanawe akaja na sanduku jipya, kwa kuwa mama yake hakuwa na lingine tena. Wakati anatafuta kiti cha magurudumu, Bi Earlene alijikokota na fremu yake ya kutembelea mpaka kwenye sinki. Akaliosha bakuli, akalikausha kwa upindo wa gauni lake, akageuka kutazama chumbani: kitanda, dirisha, glasi ya maji ya hospitali. Alitazama kote mara mbili. Kisha akampa Baba.

"Hili ni lako," Baba akasema. "La mama yako."

"Najua ni la nani. Mimi sina meza ya kuliweka. Nisamehe, Otha. Sina cha kutia ndani."

Baba akalipokea hivyo hivyo, tupu, kwa mikono miwili.