Mrija wa Mzee Edimu

Mzee Edimu wa Kwapa alikuwa na kisukari, tena alikuwa na kiti kwenye chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, yaani ulezi, ambayo wazee huizunguka na mirija mirefu. Daktari alimkataza kunywa. Chungu nacho hakimtaki mtu anayekaa bila kunywa. Usipovuta mrija, kiti kinakwenda kwa mwingine, na mzee mwenzake Osire alishaanza kukiegemea. Asiye na kiti pale, nani atamwita kwenye maneno ya mahari? Ni kama ameshazikwa, wamesahau matanga tu.

Basi akamwendea mpwa wake Jonan, anayesoma chuo kikuu cha Busitema.

"Mjomba, programu yangu haijui pombe," Jonan alisema, kompyuta mapajani. "Inasoma michoro ya molekuli za mimea. Ikiona pete ya sukari imeshikamana na molekuli, inaipaka nyekundu. Nikitaka, inaikata, kinabaki kiini, tunalinganisha mmea na mmea."

"Wimbi si mmea?"

"Ni mmea, lakini..."

"Weka."

Jonan akaweka molekuli moja ya wimbi. Pete ikawaka nyekundu. Akabonyeza, ikatoweka. Edimu akapiga makofi kama aliyeona pepo akikemewa kanisani.

"Mjomba, nimekata kwenye mchoro tu. Kwenye chungu..."

"Ya chungu niachie mimi. Chapisha."

Jioni karatasi yenye mchoro usio na pete ikazunguka chunguni. Wazee waliitazama kwa heshima, wengine wameigeuza juu chini. Odeke, mwenyekiti wa chungu, akakohoa. "Kompyuta imesema. Sisi nani?" Mmoja akauliza kama mashine inaondoa pia maumivu ya kichwa ya asubuhi.

Osire alinuna. "Wamekata sukari Busitema, hapa Kwapa imepungua vipi?"

"Nyamaza, hukusoma wewe," alisema Edimu, aliyeishia darasa la nne, akashika mrija.

Mkewe Elinah, aliyekuwa akiongeza maji ya moto chunguni kama ilivyo desturi, akatua birika. "Mwenyekiti, sheria inasema avute mrija. Inasema avute nini?"

Odeke akawaza sana. "Haijasema."

Elinah akamimina maji matupu kwenye kibuyu, akautumbukiza humo mrija wa mumewe. "Haya, Baba Ritah. Vuta."

Kiti kikabaki chake. Edimu akavuta, akaungua ulimi, akameza. Osire akamuuliza kama imekolea.

"Wewe sogea huko," Edimu akasema, "unanibana."