Koili ya Bi Chausiku

Transista ya pili ilipopasuka, mfugaji Koikai aliangalia jua. Aliwatazama punda wake waliokwisha kupakiwa mizigo, kisha akamtazama Husna, fundi wa redio na sola kutoka Chanika.

"Fundi, jua likipinda tunaondoka. Ng'ombe hawanywi maneno."

Maji yasipotoka, yeye na watu wake wangeshuka na mifugo hadi mtoni, upande wa Korogwe, safari ngumu kwa mkewe Nalangu, aliyejifungua majuzi. Maji yalikuwamo kisimani, na pampu imekwisha kuteremshwa. Ila pampu ilitaka volti mia tatu, na paneli za Koikai zilitoa thelathini tu. Kazi ya kuzipandisha ilikuwa ya kisanduku alichokibuni Husna mwenyewe.

Nyumbani kilifanya kazi vizuri. Lakini koili yake, nyaya mbili zilizozungushwa moja juu ya nyingine, Husna aliisokota ikawa kama kiota cha kunguru, akaona haya kumletea mteja. Akampelekea mama yake aliyeko Korogwe, Bi Chausiku, ambaye mikeka yake husifiwa hadi Mombo. Bi Chausiku aliisokota upya, akasema lazima aje aione ikitoa maji. Sasa alikuwa ameketi kivulini, anasuka ukili.

"Mama, ulibadilisha nini kwenye ile koili?"

"Mimi? Mizunguko ni ileile. Ila yako ilikuwa imelegea, aibu tupu. Mimi nimeibana, hata mchwa hapiti."

Nalangu alicheka. Husna aliinamia kioo chake kidogo cha kupimia mawimbi ya umeme. Alivyokibuni kisanduku, transista, ambayo ndiyo swichi yake, ilipaswa kungoja volti iliyoielemea ishuke yenyewe hadi sifuri, ndipo iwake, bila purukushani wala joto. Hapa volti ilishuka nusu tu, na transista ikawaka vivyo hivyo, kama mtu anayefungua mlango huku umati unausukuma kwa nje. Lazima iungue.

Nyumbani, ni nini kilikuwa kikiivuta hadi chini? Vifaa vyote ni vilevile, isipokuwa koili. Akaielewa polepole: ule ulegevu kati ya waya na waya ulikuwa ukibakiza nguvu kidogo, na nguvu hiyo ndiyo iliyoivuta volti. Mama ameuziba.

"Mama, koili yako ni nzuri mno."

"Asante, mwanangu."

"Naomba uifumue."

Bi Chausiku aliuweka ukili chini. "Tangu utotoni nakugombeza usisuke ovyo, leo unaniomba mimi nisuke ovyo? Mbele za watu?"

"Ovyo kidogo tu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mjinga wee!"

Wakafumua. Husna alifunika waya wa ndani kwa utepe, akalaza juu yake ukindu mkavu wa mama, akafunika tena, na Bi Chausiku akazungusha waya wa nje. Vidole vyake vilikuwa vikaidi. Kila mzunguko vilitaka kubana, na Husna akawa anavipiga makofi madogo. Koikai alileta makaa ya kupashia chuma cha kulehemu. Ikafungwa transista ya mwisho.

"Funika paneli kwa shuka yako, mzee. Nikisema vuta, vuta taratibu."

Koikai akavuta. Kiooni volti ilishuka, ikashuka, ikalala chini kabisa. Ndipo transista ikawaka. Husna aligusa bati la kupozea. Vuguvugu.

"Vuta yote!"

Chini kisimani kitu kikaguna. Bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji, na ndama wakaja mbio wakigongana vichwa. Bi Chausiku alipiga vigelegele. Koikai aliruka juu, shuka mkononi, akasahau kwamba amesimama matopeni.

"Ovyo namna hii," alisema Bi Chausiku, "hata mimi nitajifunza."

Nalangu alikuwa amekwisha kuanza kufungua kamba za punda.

"Ngoja kwanza tuhakikishe," Koikai akamwambia.

"Hakikisha wewe. Mimi natafuta sufuria yangu, wageni hawajanywa chai."